Saa janja ya elfu 45 ya Ngamiani, nimelala nayo miezi miwili

Mliouliza kuhusu hizi saa za kupima usingizi, mi ninayo tangu miezi miwili iliyopita, nilinunua duka moja pale Ngamiani, Tanga. Muuzaji aliniambia inasoma ubongo ukiwa umelala, hapo hapana jamani. Nyuma ina kitaa cha kijani kinasoma mapigo ya moyo na kuna sensa inahisi mkono ukicheza, basi, mengine inakisia. Ubongo wenyewe unapimwa kwa nyaya za kubandika kichwani, kile kipimo cha EEG ambacho daktari Mjerumani Hans Berger alianza kumpima nacho binadamu mwaka 1924. Nikaijaribu usiku mmoja, nimejilaza kimya nasikiliza mpira redioni macho makavu kabisa, asubuhi imeniandikia usingizi mwepesi dakika 40!

Ila muda wa kulala na kuamka siku nyingi inapatia na hapo imenisaidia sana. Mi nauza samaki, saa 10 alfajiri nishaamka niwahi mnada wa samaki Deep Sea, na kulala nilikuwa nalala saa 6, sasa kuona kwenye simu masaa manne, manne, manne wiki nzima nilishtuka. Maana usingizi unaenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, ule mzito wa mawimbi makubwa ya taratibu ubongoni unajaa mwanzoni mwa usiku, halafu ule wa ndoto ambao macho yanachezacheza ndani ya kope (watafiti Aserinsky na Kleitman waliuandika mwaka 1953 kule Chicago) unarefuka kadri alfajiri inavyokaribia, yani mi nilikuwa naukata huo huo kila siku. Siku hizi saa 3 na nusu nishazima taa.

Na ubongo hapo unapiga kazi, kuna panya walipimwa, matokeo yakatoka 1994, seli za ubongo zilizokuwa zinawaka pamoja wakitembea zikawaka tena pamoja wamelala, kama vile wanarudia njia ya mchana. Nimemwelezea mdogo wangu wa kidato cha nne anayekesha na madaftari mpaka saa 9, ameanza kulala mapema kidogo.

Chaji inakaa siku tano. Mkanda wa raba ndo mbovu, kwa joto letu hili mkono unawasha, nimeweka wa kitambaa kwa elfu 6.