Kupanda Rwenzori kwa kuongozwa: tathmini ya huduma kwa aliyezoea Kilimanjaro

Mtu aliyewahi kufika kilele cha Uhuru kwa njia ya Marangu au Machame huona mlima wa mita 5,109 kuwa jambo dogo kuliko ule wa mita 5,895 aliokwisha kuupanda. Kwa Margherita, kilele kirefu kuliko vyote katika safu ya Rwenzori, kilichopo juu ya Mlima Stanley mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hesabu hiyo ya mita haimsaidii mtu. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wapanda milima wa Tanzania na Kenya wanaofikiria kununua safari ya kuongozwa huko. Kwa maoni yangu huduma hiyo inastahili bei yake, mradi mnunuzi ajue anacholipia: vifaa vinavyofaa kwa tope na kwa barafu, siku za kutosha, na mwongozaji mwenye mamlaka ya kumwambia mgeni kwamba leo hatuendi.

Safari niliyoinunua ni ile iliyozoeleka zaidi, Mzunguko wa Kati, unaoanzia Nyakalengija karibu na mji wa Kasese na kurudi hapo hapo baada ya wiki moja hivi. Bei ilijumuisha kiingilio cha hifadhi, waongozaji, wapagazi, mpishi, vibanda vya kulala na vifaa vya barafu. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu mengi ninayoyasema yanahusu namna huduma hii inavyouzwa kwa jumla, na kwa sababu upungufu nilioukuta ni wa kurekebishika.

Nianze na tope, maana ndilo linaloamua kama mtu ataifurahia safari au ataivumilia tu. Kilimanjaro ni volkano, na sehemu kubwa ya njia zake za juu ni changarawe na majivu ambayo maji hupenya na kupotea. Rwenzori haikutokana na volkano. Ni bonge la miamba ya kale lililoinuliwa kando ya Bonde la Ufa, lenye mabonde yaliyochongwa na barafu na kujaa vinamasi. Mvua inaweza kunyesha mwezi wowote, hata katika miezi inayohesabiwa kuwa ya ukavu, yaani Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari. Ukishavuka daraja la Kurt Shafer, chini kidogo ya kibanda cha Nyabitaba, unaingia katika msitu wa miti iliyofunikwa kuvu na ndevu za mwani wa miti, kisha katika kinamasi cha Bigo, ambako mguu ukikosea shina la nyasi huzama hadi gotini. Kuna njia za mbao zilizojengwa katika sehemu mbovu zaidi, nazo husaidia sana, ila mbao zilizolowa huteleza kuliko tope lenyewe.

Kwa hiyo kiatu cha Rwenzori ni gambuti. Viatu vya ngozi vya kupandia milima, hata viwe vya bei gani, vitajaa maji siku ya pili na havitakauka tena hadi unarudi nyumbani. Kampuni nyingi huazimisha gambuti, na ndipo ninapotoa ushauri wa kwanza wa kulipia kitu nje ya bei: nunua zako mwenyewe, ama kabla ya kusafiri ama Kasese mjini, zipimwe pamoja na soksi nzito mbili na soli laini ya ndani, na uhakikishe kwamba kisigino hakipandi na kushuka unapotembea. Za kuazima huwa zimechakaa meno ya chini, na meno hayo ndiyo yanayokushikilia kwenye mizizi na mawe ya mteremko. Katika kundi letu waliopata malengelenge mabaya wote walivaa gambuti za kuazima zilizokuwa kubwa kupita kiasi.

Jambo la pili kwa uzito ni utaratibu wa nguo, ambao waongozaji walituelekeza vizuri mno na ninawasifu kwa hilo. Unakuwa na seti moja ya kutembelea, ambayo utaivaa ikiwa imelowa kila asubuhi bila kulalamika, na seti nyingine ya kulalia ambayo haitoki kibandani kamwe. Anayeshindwa na baridi ya asubuhi na kuvaa nguo kavu njiani huwa hana kitu kikavu usiku, na usiku wa mita 4,000 ni wa baridi kali. Begi la kulalia na seti hiyo kavu vifungwe ndani ya mifuko isiyopitisha maji kabla ya kuwekwa kwenye begi kubwa, kwa kuwa koti la mvua la begi halizuii maji ya siku nzima. Usitegemee kukausha chochote kibandani. Hewa yenyewe imelowa.

Chakula kilikuwa kingi na cha moto, chenye wali, viazi, maharage na supu, na sina la kuongeza hapo.

Katika suala la siku, wauzaji wanapaswa kuwa wawazi zaidi. Ratiba ya kawaida hukulaza katika vibanda vya Nyabitaba kwenye mita 2,650 hivi, kisha John Matte kwenye takriban 3,500, kisha Bujuku karibu na 4,000, kisha Elena kwenye 4,541, na kutoka Elena ndipo kilele hujaribiwa alfajiri. Kwa maandishi mpango huo unaonekana wa taratibu, lakini hauna nafasi ya hali mbaya ya hewa. Ukifika Elena na mvua ya theluji ikaanza, ratiba fupi inakulazimisha uchague kati ya kupanda katika hatari na kuondoka bila kupanda. Sisi tulilipia siku moja ya akiba, na siku hiyo ndiyo iliyotufikisha kileleni, kwa sababu usiku wa kwanza pale Elena mwamba wote uliganda na mwongozaji mkuu akakataa kutoka. Baadhi yetu walimsihi. Alitusikiliza kwa adabu, akaeleza kwamba tatizo halikuwa kwenye barafu penye kamba, bali kwenye miamba mitelezi kabla ya kuifikia barafu, na hakubadili uamuzi. Huo ndio ubora ninaoulipia kwa moyo wote. Anayenunua safari hii aulize waziwazi bei ya siku ya akiba, na kama haikutumika juu, itumike kwenye maziwa ya Kitandara, ambako kupumzika si kupoteza.

Tulikuwa na waongozaji wawili, nami nisingekubali pungufu ya hapo. Mwenzetu mmoja alipoanza kuumwa kichwa na kutapika pale Bujuku, mwongozaji wa pili alimteremsha asubuhi hiyo hiyo bila mjadala, nasi tukaendelea. Kwa kundi lenye mwongozaji mmoja, mgonjwa mmoja humaanisha kundi zima kurudi, au, vibaya zaidi, mgonjwa kusukumwa aendelee. Rwenzori haina barabara ya kupandisha gari la wagonjwa kama ilivyo kwenye baadhi ya njia za Kilimanjaro, na mawingu hufunga mabonde kwa muda mrefu kiasi kwamba helikopta haiwezi kuhesabiwa kuwa msaada wa uhakika. Mgonjwa hubebwa na watu, juu ya mizizi na tope lile lile. Kabla ya kulipa, soma mkataba wa bima yako kwa makini, kwa kuwa bima nyingi za safari huweka kikomo cha mwinuko, na kikomo hicho kinaweza kuwa chini ya Elena.

Kuhusu barafu yenyewe nina lawama. Kutoka Elena unavuka uwanda wa barafu wa Stanley, kisha unapanda barafu ya Margherita, na sehemu zote mbili zinahitaji kamba, mshipi wa usalama, shoka la barafu na kramponi, yaani vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya viatu. Vifaa hivi vilikuwa ndani ya bei, lakini tulikabidhiwa vikiwa ndani ya gunia, na wawili kati yetu waligundua pale Elena, kwa mwanga wa tochi za kichwani, kwamba kramponi walizopewa hazikushika viatu vyao. Mafundi walikuwa waongozaji wenyewe, waliozifunga kwa kamba hadi zikashika, na hakuna aliyeumia. Hata hivyo huduma inayouzwa kwa bei hiyo haipaswi kufika hapo. Dai kwamba vifaa vyote vifunguliwe na kupimwa Kasese au Nyakalengija, kila mtu akiwa amevaa kiatu atakachokitumia kwenye barafu, na usikubali jibu kwamba vipo juu tayari.

Upo umuhimu mwingine wa kupata mwongozaji aliyepanda karibuni. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alipoongoza msafara wa kwanza kufika Margherita, barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kuwa na eneo la kilomita za mraba 6.5 hivi, kufikia mwaka 2003 ilikuwa imepungua hadi chini ya kilomita moja ya mraba. Barafu inayopungua kwa kasi hiyo hubadilisha njia: mahali pa kuingilia panashuka, nyufa zinafunguka, na mwamba uliokuwa umefunikwa unabaki wazi na mtelezi. Maelezo ya mpandaji wa miaka kumi iliyopita hayakufai, na ramani haikufai. Muulize mwongozaji mara ya mwisho alipanda lini. Wetu alijibu bila kusita, na tulipofika juu tuliona kwamba alizijua nyufa moja moja.

Wapagazi na waongozaji wengi ni Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, ambao katika imani yao ya jadi kwenye theluji ndiko anakokaa mungu aitwaye Kitasamba, na kwa hiyo hutembea maeneo ya juu kwa heshima ambayo mgeni anapaswa kuiiga, walau kwa kutotupa taka na kutopiga kelele. Kiswahili chetu kilitusaidia kuliko nilivyotarajia. Kasese ni mji uliokua kwa shaba ya Kilembe na kwa reli iliyofika mwaka 1956, ikivuta wafanyakazi wa makabila mengi, na uko jirani na mpaka wa Mpondwe ambako biashara na Kongo huendeshwa kwa Kiswahili kila siku. Wazee miongoni mwa wapagazi walikizungumza vizuri. Kwa kuwaita mzee na kaka, na kwa kuwauliza habari za nyumbani kabla ya kuuliza habari za mizigo, tulijifunza mambo ambayo hayamo katika karatasi yoyote ya kampuni, ikiwemo malipo yao.

Kwenye malipo hayo ndipo ninapoomba wanunuzi wawe wakali. Kilimanjaro tumezoea kwamba mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, hauzidi kilo 20 na kwamba mizani ipo getini. Uliza Rwenzori kipimo ni kipi, nani anapima, na kama mpagazi ana gambuti, koti la mvua na blanketi lake mwenyewe. Pale kwenye kipito cha Freshfield, kwenye mteremko mrefu wa kuelekea kibanda cha Guy Yeoman ambao ulitutetemesha magoti sisi tulioshika fimbo mbili, niliwaona vijana wakishuka na mizigo yetu wakiwa wamevaa makoti yaliyochanika. Bakshishi nzuri mwishoni haiondoi wajibu wa kampuni kumvika anayeibebea mizigo. Bakshishi yenyewe itolewe kwa shilingi za Uganda, katika noti ndogo, mkononi mwa kila mtu, mbele ya wenzake, na kiasi chake kijulikane kabla ya kupanda.

Kwa Mtanzania hakuna viza ya kuingia Uganda, bali pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano vinahitajika. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana kiwango chao cha kiingilio cha hifadhi, kinacholipwa kwa shilingi za Uganda, tofauti na kile cha wageni wa mbali kinachotozwa kwa dola. Hakikisha ankara uliyoletewa imetumia kiwango chako, kwa sababu ankara yetu ya kwanza haikufanya hivyo, na ilirekebishwa tulipouliza. Kutoka Kampala hadi Kasese basi huchukua sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo lala Kasese usiku mmoja kabla ya kuanza, usiku ambao pia utakupa muda wa kupima kramponi.

Mkataba uandikwe na ueleze mambo mawili kwa kutenganisha. Kilele kikikosekana kwa sababu ya hali ya hewa au afya ya mgeni, kampuni haidaiwi chochote, na hilo ni haki. Kikikosekana kwa sababu kifaa walichokodisha hakikufaa, sehemu ya fedha irudishwe, na kiasi hicho kitajwe kwa tarakimu kabla ya kutuma malipo ya awali. Kampuni niliyosafiri nayo ilikubali kuingiza sharti hilo nilipowaandikia baada ya safari, na kwa msingi huo ningesafiri nao tena.