Uzoefu wangu na Monkeytype kwa Kiswahili: ile namba inatoka wapi

Naipa Monkeytype nyota nne kati ya tano kwa kupima kasi ya kuchapa, na hapa nazungumzia hasa kuchapa Kiswahili. Ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari, na haikulazimishi kujisajili. Lakini kabla ya sifa, tuelewane kuhusu ile namba inayotokea mwisho, yaani maneno kwa dakika. Hapa Mtwara, kuanzia steshenari za mjini hadi kwa wanaosoma uhazili, watu hutajiana "mimi arobaini", "mimi hamsini" bila kuulizana: arobaini za nini?

"Neno" katika vipimo hivi si neno la kamusi. Ni mibonyezo mitano, nafasi na alama za uandishi zikiwemo. Chukua sentensi hii: Wakulima wamepeleka korosho ghalani Masasi. Kwa macho ni maneno matano. Kwa kipimo ni mibonyezo 43, pamoja na nafasi nne na nukta. Gawa kwa 5, unapata maneno 8.6. Kanuni hii inatutendea haki. Kitenzi chetu kimoja hubeba nafsi, wakati na mtendwa kwa pamoja, na kama tungehesabiwa neno kwa neno tungeonekana wazito mbele ya anayechapa Kiingereza kwa wepesi uleule wa vidole.

Kwenye makosa haki hiyo inapungua. Kanuni ya zamani, ambayo vipimo vingi bado vinaitumia, hukata neno moja kwa kila kosa lililoachwa bila kusahihishwa, likigawanywa kwa dakika. Ukichapa mibonyezo 1,200 kwa dakika 5 una kasi ghafi ya 48. Makosa 6 yakibaki, 6 kwa 5 ni 1.2, kwa hiyo kasi halisi ni 46.8. Makosa hayohayo 6 ndani ya dakika moja yangekushusha kutoka 48 hadi 42. Monkeytype inafanya vingine: "wpm" yake (maneno kwa dakika) hujumlisha herufi za maneno yaliyo sahihi tu. Herufi moja ikiharibika, neno zima halihesabiwi. Kosea "the" ya Kiingereza, umepoteza mibonyezo 4, nafasi yake ikiwemo. Kosea "wanaotutegemea", umepoteza 15 pamoja na nafasi, yaani maneno matatu kamili ya kipimo. Tofauti kati ya "wpm" na "raw" (kasi ghafi) kwenye ukurasa wa matokeo ndiyo inayokuonyesha hasara hiyo, na kwa Kiswahili pengo hilo hupanuka upesi.

Je, urudi kusahihisha? Inategemea umeliona kosa wapi. Ukiliona papo hapo, futa herufi moja, chapa sahihi, endelea. Gharama ni mibonyezo miwili. Ukiliona umeshafika mwisho wa neno refu na kosa liko mwanzoni, Ctrl pamoja na kitufe cha kufuta hulifuta neno lote, lakini muda wa kulirudia ni sawa na muda wa kuchapa neno lingine. Kwa kasi, hujapata kitu. Mimi nashauri lirudiwe hata hivyo, kwa sababu barua inayotoka ofisini haina ruhusa ya kuacha neno bovu nyuma. Usahihi wa Monkeytype, "acc", huhesabu kila mbonyezo uliokosewa hata kama ulifutwa: mibonyezo 200 yenye 8 mibaya ni asilimia 96. TypeRacer, tovuti ya mashindano ya kuchapa, haikupi uchaguzi wa kuacha kosa. Bila kurekebisha husogei.

Muda nao unadanganya. Jaribio la sekunde 15 linazidishwa mara nne ili lifike dakika, kwa hiyo mibonyezo mitano ya bahati inakupandisha kwa 4. Chagua 60 au 120. Isitoshe, saa huanza unapobonyeza herufi ya kwanza, si unapofungua ukurasa. Mtandao ukisuasua hauna madhara makubwa, maana maneno yakishapakuliwa hesabu hufanyika ndani ya kompyuta yako.

Mpangilio ninaoutumia: badilisha lugha iwe Kiswahili (usipobadili, unapewa maneno 200 ya kawaida ya Kiingereza, yote kwa herufi ndogo), kisha washa alama za uandishi. Kasi itashuka, usishtuke. Nyota niliyoinyima ni kwa ajili ya hapa: orodha ya maneno huchanganywa bila kuunda sentensi, ilhali vidole vya mchapaji hutegemea sana kujua neno gani linafuata. Dawa ni sehemu ya "custom": bandika barua au taarifa ya kazi yako mwenyewe. Ukiitoa kwenye Word, angalia ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo. Word huipinda, kibodi inatoa iliyonyooka, na kipimo kinaweza kukuandikia kosa ambalo si lako. Ibadilishe kwanza.

Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) msimu wa korosho anahitaji kipimo kingine kabisa. Kazi yake ni majina, namba za wakulima na kilo. Kasi ya maneno haisemi lolote kuhusu tarakimu. Washa namba, na kama kompyuta yako mpakato haina pedi ya namba pembeni, unganisha kibodi ya USB. Kazi za kuingiza data mara nyingi hupimwa kwa mibonyezo kwa saa: 10,000 kwa saa ni kama 167 kwa dakika, sawa na maneno 33. Na wanaosoma matangazo ya kazi ya Katibu Mahsusi, yale "maneno 80 kwa dakika" ni ya hatimkato, kalamu na alama huku unasomewa. Msiyalinganishe na kibodi.

Mwisho, kagua kifaa. Kiswahili kinatumia A kuliko karibu kila herufi, na A iko chini ya kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu. Ndiyo inayochoka mapema, na kwa hewa ya chumvi ya pwani yetu vitufe huanza kugoma au kurudia herufi. Fungua Notepad, bonyeza A mara 50 polepole, hesabu. Zikitokea 52, usahihi wako mdogo unatoka kwenye kibodi.