Wembe au sukari ya ndimu kwa nywele za kwapa na miguu

Wembe hukata unywele usawa wa ngozi. Sukari, yaani ute mzito wa sukari na ndimu unaopakwa kisha kuvutwa, huung'oa na mzizi wake. Ndiyo maana kwapa lililonyolewa huanza kukwaruza siku ya pili au ya tatu, wakati sukari hukupa wiki 3 hadi 4.

Wembe hautaki maandalizi mengi: maji ya vuguvugu, povu la kutosha, wembe mkali, kisha unyoe kufuata zinakoelekea nywele. Ukinyoa kinyume, hasa kama una kipilipili, ncha iliyochongoka hujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Vipele hivyo!

Sukari ndiyo yenye kazi. Chemsha vikombe 2 vya sukari, robo kikombe cha ndimu na robo cha maji, moto mdogo, hadi rangi ya asali. Subiri ipoe, ikiwa ya moto hung'ang'ania ngozi na kuunguza vibaya. Ikichuruzika vidoleni haijaiva, ikikatika kama peremende imepitiliza. Kausha jasho kwa poda, paka kinyume cha uotaji, vuta kwa haraka kufuata uotaji, mkono ukiwa karibu na ngozi. Kuvuta kwenda juu hukata nywele badala ya kuzing'oa. Ziwe na urefu wa nusu sentimita hivi. Fupi zaidi hazishikiki.

Miguuni, sukari inashinda waziwazi. Kama una shughuli kesho, nyoa tu. Anayepaka krimu ya retinoidi (dawa ya jamii ya vitamini A, ya chunusi au makunyanzi) aiache sukari kabisa, maana ngozi inaweza kuchubuka.