Kuhamisha kompyuta pepe kwa VirtualBox: sauti ipo, kioo cheusi tititi

Kwa kuhamisha kompyuta pepe ya Windows kutoka laptopu hadi deskitopu ya ex-UK, VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ndani ya kompyuta, naipa nyota nne kati ya tano. Kuhama kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kizaazaa ni filamu za kulipia: jana zilicheza, leo zinadai leseni (ruhusa ya kidijitali ya kuzicheza), au sauti inasikika na kioo ni cheusi tititi. Wengi hukimbilia kusakinisha Windows upya. Hakuna haja.

Anza na saa. Deskitopu hizi nyingi huja Mombasa na betri ya CR2032, kile kijibetri cha kutunza saa, iliyochoka, na stima ikipotea, saa ya ubao mama inarudi miaka nyuma. Kompyuta pepe huichukua saa hiyo hiyo, na leseni yenye tarehe isiyolingana hukataliwa papo hapo. Badilisha betri, usipoteze jioni nzima kwenye mipangilio kwa kosa la kijibetri. Saa ikikosea kwa saa tatu kamili, kosa si betri: kwa Windows, ondoa alama kwenye chaguo la VirtualBox linaloweka saa ya maunzi kwa UTC (saa ya kimataifa), maana sisi tuko UTC+3.

Kisha utambulisho. Leseni zilizohifadhiwa hufungwa kwenye mashine iliyozipokea. Ukihamisha kwa faili la OVA (kifurushi cha mashine nzima), mashine hupewa UUID mpya, yaani namba ya utambulisho, na Windows inajiona iko kwenye kompyuta ngeni yenye stoo ya leseni isiyofunguka. Mimi OVA siitaki kwa kazi hii. Zima mashine kabisa, usiilaze, kwa sababu iliyolazwa kwenye prosesa moja huenda isiamke kwenye nyingine. Nakili folda nzima yenye .vbox (mipangilio) na .vdi (diski), halafu kwenye deskitopu fungua lile faili la .vbox. UUID inabaki, anwani ya MAC (ya kadi ya mtandao) inabaki. Ila usiziwashe ya zamani na mpya kwenye mtandao mmoja, MAC zitagongana.

OVA ikiwa imeshatumika, nenda kwenye laptopu ya zamani, fungua dirisha la amri uandike `VBoxManage showvminfo` na jina la mashine, unakili UUID ya maunzi. Kwenye deskitopu, mashine ikiwa imezimwa, andika `VBoxManage modifyvm`, jina la mashine, kisha `--hardware-uuid` na namba uliyoinakili. Kwa VMware, programu nyingine ya kazi hii, ni rahisi zaidi: ukiiwasha mara ya kwanza inauliza kama umeihamisha au umeinakili. Jibu umeihamisha. Ukijibu umeinakili, inatengeneza UUID na MAC mpya, na umerudi palepale.

Bado haichezi? Safisha stoo. Programu za Windows zinazotumia PlayReady, mfumo wa Microsoft wa kulinda filamu, huweka leseni kwenye faili liitwalo mspr.hds. Funga programu zote za video, tafuta jina hilo kwenye diski C yote, futa kila linalotokea (huwa zaidi ya moja), kisha washa upya. Filamu ulizopakua za kutazama bila intaneti zitahitaji kupakuliwa tena, kwa hiyo pima bando lako kwanza.

Chrome haitumii faili hilo. Ina Widevine yake, mfumo wa Google wa kazi hiyo hiyo. Fungua `chrome://components`, tafuta mstari wa Widevine, bonyeza kitufe cha kutafuta sasisho. Toleo likisoma 0.0.0.0, funga Chrome, futa folda ya WidevineCdm ndani ya data za mtumiaji, fungua tena uisasishe. Kwa Firefox, zima ruhusa ya kucheza maudhui yenye DRM (ulinzi wa hakimiliki), funga, fungua, iwashe tena, itajipakulia.

Kioo cheusi chenye sauti ni ugonjwa mwingine kabisa, hauna habari na leseni. Kadi ya picha ya kompyuta pepe ni ya kuigiza, haina HDCP (ulinzi wa picha inapoelekea kwenye skrini), kwa hiyo njia ya picha inafungwa. Zima uharakishaji wa michoro (hardware acceleration) kwenye kivinjari, na ikibidi uzime 3D kwenye mipangilio ya VirtualBox. Picha itarudi, prosesa itapata moto, na kwa joto la Mombasa feni utaisikia.

Nyota ya tano imezama hapo. 4K inadai HDCP 2.2 na ulinzi ulio ndani ya maunzi halisi, na hicho kompyuta pepe ya nyumbani haikupi hata ukiiongezea RAM. Filamu ya 4K icheze kwenye deskitopu yenyewe, nje ya VirtualBox.