Nistatini ya maji kwa utando mweupe wa kinywani mwa mtoto

Mwanangu alipokuwa na umri wa wiki sita, ulimi wake na sehemu ya ndani ya mashavu vilifunikwa na utando mweupe ambao, tofauti na mabaki ya maziwa, haukufutika kwa kitambaa safi, naye akawa analia kila alipoanza kunyonya. Daktari alitambua kuwa ni fangasi wa Kandida, jamaa ya hamira anayeishi kinywani na tumboni mwa watu wengi bila kuwadhuru, akatuandikia nistatini ya maji yenye uniti 100,000 katika kila mililita.

Dawa hii, iliyotangazwa mwaka 1950 na wanasayansi wa Marekani Elizabeth Hazen na Rachel Brown, huua fangasi kwa kutoboa utando unaozunguka seli zake, na kwa kuwa ni kidogo mno inayofyonzwa na kuingia katika damu, niliipa imani yangu. Nilimpa kipimo alichoagiza daktari mara nne kwa siku, baada ya kunyonya, nusu kila upande wa shavu, na siku ya tatu alinyonya bila kulia. Tuliendelea kwa siku mbili zaidi baada ya utando kwisha.

Lawama yangu ni kwa bomba la kupimia, ambalo alama zake zilifutika mapema, na kwa duka la dawa lililotuuzia bila kutueleza kwamba chupa hutikiswa kwanza, kwani dawa hutuama chini. Chuchu zangu nazo zilitibiwa kwa krimu wakati huohuo, ili tusiambukizane upya.