Kompyuta moja, marafiki wengi: Heroes III au Wesnoth?

Michezo hii miwili ya mikakati huchezwa kwa zamu, na yote inaruhusu marafiki kupokezana kipanya kimoja. Ladha yake tu ndiyo tofauti.

Heroes of Might and Magic III, uliotoka mwaka 1999, unachukua hadi wachezaji 8. Shida yake ni kusubiri. Wiki ya kwanza zamu hupita haraka, lakini kila mtu akishapata miji mitatu na mashujaa kadhaa, anayecheza anaganda kwenye kiti huku wengine wakichezea simu. Halafu kuna suala la siri: ukungu unaficha sehemu za ramani ambazo hujafika, kwa hiyo anayengoja hatakiwi kuchungulia. (Atachungulia tu.) Utamu hurudi majeshi ya marafiki wawili yanapogongana, maana hapo wote wawili wanaamuru vita kwenye skrini ileile na watazamaji wanapiga kelele.

Battle for Wesnoth ni wa bure, na hata kompyuta kuukuu huumudu. Hakuna miji ya kujenga: unaajiri askari kwa dhahabu, unawasogeza, basi. Mkizima ukungu, hakuna cha kuficha, na njama zinapangwa hadharani. Saa nazo zina uzito: baadhi ya askari hupiga kwa nguvu asilimia 25 zaidi mchana, wengine usiku, hivyo hata anayengoja ana hesabu za kupiga.

Mkiwa wawili, chezeni Heroes. Kuanzia watatu, mimi nafungua Wesnoth bila kusita.