Uzoefu wangu: nilivyofundisha elimu ya mazingira kwa WhatsApp kipindi cha korona, nikiwa Mtwara

Naandika hii kwa walimu wenzangu wa vyuo, hasa wa huku kusini, maana kila mara naulizwa ile miezi ya korona wanafunzi wangu walisomaje, na jibu ni lile lile, WhatsApp. Nimeitumia kuanzia mwisho wa Machi 2020 mpaka vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni. Chuo hakikunilazimisha, niliamua mwenyewe kwasababu sikutaka wakae miezi bila kusoma.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi kule Arusha, siku mbili baadae vyuo vikafungwa, wanafunzi waende makwao. Mimi nafundisha walimu watarajiwa wa jiografia na baiolojia na wiki iliyokuwa inafuata ndo tulikuwa twende Mikindani kwenye mikoko, tumeshaangalia bamvua, yani siku ambazo maji ya bahari yanajaa na kupwa kupita kawaida, Coaster tumeshailipia nusu, ikafa hapo hapo. Wanafunzi 41 wakatawanyika, mwingine Liwale, mwingine Newala, mwingine Kilwa Kivinje, wachache wakabaki hapa hapa mjini.

Nilianza na programu moja ya mikutano ya video. Siku ya kwanza waliingia 13, baada ya dakika kumi wamebaki 5, na hao 5 kazi yao ni kuandika "Madam hatukusikii". Saa moja ya video inakula mamia ya MB na mtoto wa mkulima kule Liwale amejiunga bando la buku analotegemea limfikishe wiki, yani unamfundisha na huku unamfilisi. Nilijaribu mara tatu nikaacha.

Ndo nikahamia WhatsApp. Kwanza wote wenye simu janja walikuwa nayo tayari, hakuna wa kumwelekeza jinsi ya kuingia. Pili, na hili ndo kubwa kuliko yote, haihitaji wote muwe hewani mda mmoja. Narekodi voisi ya dakika tano, hata MB mbili haifiki, naituma usiku, aliyepo bondeni ambako mtandao haushiki ataipata akipanda kilimani kesho yake, na naona nani kasikiliza na nani bado. Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili tulihamisha kila kitu kikawa baada ya tarawehe, hakuna aliyelalamika. Kwa video ningeweza wapi?

Lakini wiki mbili za kwanza niliharibu. Nilikuwa narusha slaidi zangu za zamani kwa PDF, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, majukumu ya NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, na kadhalika, halafu nauliza "mmeelewa?", wote kimya. Mpaka siku nilipowaambia slaidi basi, kila mtu atoke nje aniambie mazingira ya kwao yakoje. Hapo ndo grupu likaamka.

Yule wa Kilwa Kivinje alishuka mikokoni kwenye bamvua la Aprili, kabla ya mfungo, akatutumia picha ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, na ile mizizi yake inayochomoza kwenye tope kama vidole, maji yamekupwa kabisa. Nikamwambia geuza jani, ramba kwa chini. Baada ya dakika mbili voisi inaingia, "Madam shikamoo, jani lina chumvi kweli kweli!" na wenzake wote wanataka kujua kwanini, nikawaeleza mchu unanyonya maji ya bahari na chumvi inayozidi unaitoa kupitia majani. Sasa nyuma kwenye ile voisi inasikika sauti ya mzee anamsahihisha, kumbe babu yake ni fundi mashua, nikaomba apewe simu. Shikamoo babu, marahaba mwanangu, akaanza kutueleza kwanini mlilana, mkoko mwingine, ndo mti wa mataruma, yani mbavu za mashua, tawi unalichagua likiwa limeshapinda lenyewe huko huko mtini ili usilazimishe mbao, na akasema miti iliyopinda vizuri sa hivi unaitafuta mbali kuliko zamani. Dakika nne na nusu. Mimi nimefundisha mikoko miaka sita na hilo sikuwahi kulisema darasani, maana sikuwa nalijua.

Wa Newala nae sitamsahau. Kule juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida inayojulikana, watu wanavuna ya mvua kutoka kwenye bati na kuyahifadhi kwenye visima vya nyumbani, na kila mahali tunaambiwa tunawe mikono kwa maji tiririka. Nikampa kazi ahesabu ndoo. Kabla ya korona kwao walikuwa wanatumia ndoo 7 kwa siku, watu nane, walipofunga ile ndoo ya koki mlangoni ikafika 9. Aliandika kila siku mwezi mzima kwenye daftari, na akaniuliza swali ambalo mpaka leo nalitumia: "Madam, kisima kikikauka Agosti, tutanawa nini?" Hakuna slaidi ingemfanya aulize vile.

Wa mjini niliwapeleka ufukweni kuhesabu taka, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019 na tulikuwa tunakaribia mwaka. Mifuko ya rambo ilikuwa imepungua sana, vile vifungashio vyepesi vyeupe vilikuwa vimejaa, na barakoa zimeanza kuonekana.

Mapungufu yapo na yananiuma. Wanafunzi 6 walikuwa na vitochi tu, nikawa nawapigia na kuwatumia SMS lakini sio sawa na wenzao, na wawili kati yao sikuwapata kabisa mpaka Juni. Wasichana kadhaa nyumbani walipewa kazi mchana kutwa, walikuwa wanasikiliza saa tano usiku wakiwa hoi. Picha ukiituma kawaida inabanwa, mishipa ya jani haionekani, kwahiyo waambie watume kama dokumenti. Na kutofautisha mkandaa na msinzi, nayo ni mikoko, kwa picha mimi nilishindwa, ule mti lazima uushike.

Ukitaka kuanza, fungua magrupu mawili, la masomo liwe la admini tu kuandika na jingine la maswali na salamu, la sivyo voisi zako zitazama kwenye "amina" na stika. Voisi isizidi dakika tano. Kila somo liwe na kitu cha kwenda kukiangalia nje, hata kama ni jalala la nyuma ya nyumba. Na simu yako iwe na nafasi, picha zinajaa haraka sana.

Mikindani tulienda Juni hiyo hiyo, mwezi ulipokuwa mpevu. Yule wa Newala ndo alikuwa mara yake ya kwanza kuingia kwenye tope la mikoko, alisimama mbele ya mlilana uliopinda akawaonyesha wenzake tawi gani linafaa kwa taruma. Voisi ya babu bado ninayo, kila mwaka nawasikilizisha wanafunzi wapya kabla hatujapanda Coaster.